Kumfundisha Mtoto wa Shule ya Msingi Katiba Mbili za Nchi Moja

"Mama Samia ni Mzanzibari, mbona si Rais wa Zanzibar?" Mtoto wa darasa la nne akiuliza hivyo, watu wazima wengi huanza kujibu kwa kujiamini, kisha hukwama katikati. Wengine humalizia kwa "utasoma ukifika sekondari". Na kwa kuwa habari za katiba mpya hazikauki redioni, vijiweni na mitandaoni, maswali yanazidi kuongezeka. Katiba ya zamani imeharibika? Zanzibar ni nchi au ni mkoa? Kama Zanzibar ina katiba yake, ya Bara iko wapi?

Maswali hayo yana akili kuliko majibu ambayo watoto hupewa. Darasani mwanafunzi hukaririshwa kwamba katiba ni "sheria mama", anaandika kwenye daftari, anapata vema, na hapo somo limekwisha. Hajui inamruhusu nani kufanya nini wala inamkataza nani. Kwa maoni yangu katiba inafundishika hata kwa mtoto wa miaka tisa, ilimradi tuanze na swali moja: nani anaamua nini, na nani anamzuia asivuke mpaka wake?

Maneno machache kwanza

Katiba ni kanuni kuu ambazo serikali inaendeshwa kwazo. Ndani yake mna namna viongozi wanavyopatikana, muda wanaokaa madarakani, mambo wanayoruhusiwa kufanya, na haki ambazo mwananchi hawezi kunyang'anywa kwa sababu tu kiongozi ameamka vibaya. Sheria nyingine ikipingana na katiba, hiyo nyingine ndiyo inayoanguka. Ibara ni kifungu chenye namba yake ndani ya katiba. Marekebisho ni kubadili baadhi ya ibara bila kuandika katiba upya.

Muungano ni ule wa Tanganyika na Zanzibar. Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, na nchi mpya ikazaliwa tarehe 26 ya mwezi huohuo. Mambo ya Muungano ni yale ambayo pande mbili zilikubaliana yashughulikiwe kwa pamoja. Mwaka 1964 yalikuwa 11. Leo yako 22, yameorodheshwa mwishoni mwa katiba, mahali panapoitwa Nyongeza ya Kwanza. Ambalo halimo kwenye orodha hiyo, Zanzibar inajiamulia yenyewe.

Ndiyo maana kuna vitabu viwili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inatumika nchi nzima. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inaeleza namna Zanzibar inavyojiendesha: Rais wake, Baraza la Wawakilishi, Mahakama Kuu yake. Mtoto akiyashika haya, amekwisha kupata nusu ya somo.

Dhana moja lazima ing'olewe mapema kwa sababu inaharibu kila kinachofuata. Watoto wengi, na wazazi wao pia, hudhani katiba ni orodha ya makatazo kwa wananchi: usiibe, usipigane, usivunje foleni. Hayo yako kwenye sheria za kawaida. Katiba kwa sehemu kubwa inawafunga wenye madaraka. Ibara ya 40 inasema hakuna mtu atakayechaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara mbili. Hilo halimhusu mwanafunzi wala muuza mchicha, linamhusu Rais.

Kwa hiyo lile zoezi ambalo walimu hulipenda, la kuwaambia watoto watunge "katiba ya darasa", mara nyingi huenda kombo. Watoto huandika: tusiongee, tusichelewe, tusitupe karatasi. Hizo ni kanuni za nidhamu. Zoezi lingefaa zaidi kama wangeambiwa waandike monita anachaguliwaje, anakaa muhula mmoja au miwili, ana ruhusa ya kuandika majina ya wapiga kelele au hana, na akipendelea rafiki zake nani anamwondoa. Mwalimu mwenye moyo mpana ataruhusu kipengele kimoja kinachomhusu yeye mwenyewe. Wengi hawatakiruhusu, na watoto wataliona hilo pia.

Mpira unaeleza vizuri kuliko ubao

Kwa suala la katiba mbili, sijaona mfano unaomwingia mtoto wa Kitanzania haraka kama mpira wa miguu. Muulize anamjua Feisal Salum. Kisha muulize Fei Toto ni mchezaji wa timu ipi ya taifa. Mmoja atasema Taifa Stars, mwingine Zanzibar Heroes, na wote wawili watakuwa sahihi.

Kwenye mashindano ya CECAFA, yaani ya Afrika Mashariki na Kati, Zanzibar imekuwa ikiingiza timu yake. Wengi wanaikumbuka fainali ya 2017 mjini Machakos, Zanzibar Heroes walipotolewa jasho na Kenya hadi penalti. Bara nayo huingia kwa jina la Kilimanjaro Stars, na katika michuano hiyohiyo ya 2017 Wazanzibari waliifunga. Lakini ikija michuano ya kufuzu Kombe la Dunia, hakuna Heroes wala Kilimanjaro, kuna Taifa Stars tu, na mchezaji wa Unguja na wa Kigoma wanavaa jezi moja. FIFA inaitambua Tanzania moja.

Sasa nenda kwenye ofisi zao. Soka la Zanzibar linasimamiwa na shirikisho lake, ZFF. TFF inasimamia ligi ya Bara, na hiyohiyo TFF ndiyo inayosimamia Taifa Stars ya wote. Ofisi moja ina kofia mbili. Serikali ya Muungano iko vivyo hivyo: inashughulikia mambo ya pamoja ya nchi nzima, na hapohapo inashughulikia mambo yote ya Bara yasiyo ya Muungano. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ina kofia moja, ya Zanzibar.

Hapo swali la Mama Samia linajibika. Samia Suluhu Hassan ni Rais wa Jamhuri ya Muungano, kofia zile mbili ni zake. Rais wa Zanzibar ni Dk. Hussein Ali Mwinyi, aliyechaguliwa na Wazanzibari. Mtoto akiendelea kuuliza Mama Samia aliupataje urais kabla ya kugombea, mpe kisa cha mwaka 2021. Rais Magufuli alifariki dunia tarehe 17 Machi. Hakukuwa na uchaguzi, kwa sababu ibara ya 37 ilikwisha kusema zamani kwamba Rais akifariki, Makamu wake ataapishwa kumalizia kipindi. Tarehe 19 Machi akaapishwa. Na kwa kuwa ibara ya 47 inataka Rais na Makamu watoke pande tofauti za Muungano, Makamu aliyefuata, Dk. Philip Mpango, alitoka Bara. Sijui mfano mwingine wa karibu unaomwonyesha mtoto katiba ikifanya kazi mbele ya macho ya wazazi wake.

Mfano wa mpira hata hivyo una mwisho wake, na mtoto mwerevu ataufikia kabla yako. Bara ina Kilimanjaro Stars, yenye jina na jezi. Serikali ya Tanganyika iko wapi? Haipo, na katiba yake haipo. Mwaka 1964 Zanzibar ilibaki na serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano, lakini Tanganyika mambo yake yaliwekwa chini ya Serikali ya Muungano. Sababu iliyotolewa mara nyingi na Mwalimu Nyerere ni kwamba Zanzibar ni ndogo, na serikali moja ingeonekana kuimeza. Wapo wanaoridhika na maelezo hayo na wapo wasioridhika hadi leo. Mtoto aambiwe yote mawili.

Shule yake mwenyewe

Baada ya mpira, nisingeenda kwenye Bunge wala Ikulu. Ningekwenda shuleni kwake, kwa sababu mstari wa Muungano unapita katikati ya elimu na watoto hawajawahi kuuona.

Elimu ya msingi si jambo la Muungano. Ndiyo maana mtoto wa Mwanza amekuwa akimaliza msingi darasa la saba na wa Wete, Pemba, darasa la sita. Mitaala ya Bara inatungwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ya Zanzibar na Taasisi ya Elimu Zanzibar. Kuna wizara mbili za elimu na mawaziri wawili. Sera ya elimu ya Bara, toleo la 2023, nayo imeamua miaka saba ipungue iwe sita, lakini huo ni uamuzi wa Bara kwa shule za Bara.

Wakifika Kidato cha Nne, mtoto wa Mwanza na wa Wete wanafanya mtihani uleule wa NECTA. Kwa nini? Kwa sababu Baraza la Mitihani limo kwenye orodha ya mambo 22, na elimu ya juu pia imo. Mwanafunzi akilijua hilo, amejifunza Nyongeza ya Kwanza bila kuifungua.

Kutoka hapo darasa zima linaweza kupanga mambo mafungu mawili. Pasipoti, polisi, jeshi, noti ya shilingi elfu kumi, utabiri wa hali ya hewa: ya pamoja. Zahanati, kilimo cha karafuu, ardhi: Zanzibar inajiamulia. Magereza ni mtego mzuri. Watoto wa Bara watasema ni ya Muungano kwa kuwa polisi ni ya Muungano, kumbe Zanzibar ina chombo chake, na kinaitwa Chuo cha Mafunzo, jina ambalo limewahi kuwafanya wageni wadhani ni chuo cha kawaida.

Ipi kubwa?

Hili ndilo swali linalowagombanisha watu wazima, na usipojiandaa mtoto atakuweka kona. Wapo wanaosema Katiba ya Zanzibar ni kama sheria ndogo za halmashauri. Si kweli, maana Katiba ya Muungano yenyewe, kuanzia ibara ya 102, inaitambua Serikali ya Mapinduzi na Baraza la Wawakilishi lenye mamlaka ya kutunga sheria kwa mambo yasiyo ya Muungano. Zanzibar si mkoa. Wapo pia wanaosema katiba hizo mbili ziko sawasawa kwa kila kitu. Nao wanavuka, kwa sababu Katiba ya Muungano ina nguvu katika Jamhuri nzima, kwa maneno yake yenyewe.

Jibu la haki kwa mtoto ni kwamba kila moja ina eneo lake, na kuna sehemu chache ambapo maeneo hayo yanagusana na watu hawajakubaliana. Wasomee wanafunzi wa darasa la sita ibara ya kwanza ya kila katiba. Ya Muungano inasema: "Tanzania ni nchi moja na ni Jamhuri ya Muungano." Ya Zanzibar, baada ya marekebisho ya kumi ya mwaka 2010, inaanza kwa kusema Zanzibar ni nchi, na ibara ya pili yake inaiita moja ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Marekebisho hayo yalikuja miaka miwili baada ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda kusema bungeni, mwaka 2008, kwamba Zanzibar si nchi, kauli iliyowasha moto mkubwa visiwani. Hata CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilijikwaa hapohapo: Machi 2017 iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, na Julai mwaka huo ikaufuta uanachama kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili.

Kuna walimu wanaoona mjadala huu ni mzito au wa hatari kwa watoto. Mimi naona kumficha ni hatari zaidi, kwa kuwa atausikia nje, tena kwa ukali, bila mtu wa kumsomea ibara zenyewe.

Mzazi wa Kiswahili anayeishi Marekani ana kazi kama hiyo, ila ngazi zake ziko wazi zaidi. Kila tarehe 17 Septemba shule za huko zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kufundisha kuhusu katiba, kukumbuka siku ilipotiwa saini Philadelphia mwaka 1787. Mtoto ataambiwa kuna katiba ya taifa na katiba za majimbo 50. Ya taifa iko juu na inasema hivyo yenyewe. Hata hivyo haina neno lolote kuhusu elimu, na shule anayosoma msingi wake uko kwenye katiba ya jimbo lake. Tena ya jimbo si lazima iwe changa: ya Massachusetts ni ya mwaka 1780, na inatumika hadi leo. Usimwambie Zanzibar ni kama Ohio. Kule majimbo 50 yote yana katiba, hakuna serikali kuu inayovaa pia kofia ya mojawapo.

Kenya ndiko rahisi. Katiba ni moja, ya mwaka 2010, na kaunti 47 hazina katiba zao. Mgawanyo wa kazi umo ndani ya kitabu hichohicho, na mtoto anaupita kwa miguu yake: chekechea ni ya kaunti, akivuka kuingia msingi anakuwa mikononi mwa serikali ya kitaifa.

"Katiba mpya" ni ipi?

Mtoto wa Tanzania akisikia watu wanadai katiba mpya, anaweza kufikiri ya sasa imekwisha muda. Haijaisha. Ile ya 1977 ndiyo inayotumika, na imefanyiwa marekebisho 14 hadi mwaka 2005. Baadhi ni makubwa: haki za binadamu ziliingizwa mwaka 1984, na mfumo wa vyama vingi mwaka 1992.

Kilichotokea ni kwamba mwaka 2012 iliundwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba, ikazunguka nchi kukusanya maoni na kuandika rasimu iliyopendekeza serikali tatu, yaani Tanganyika nayo ipate yake. Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba likakaa Dodoma chini ya Samuel Sitta, na Makamu Mwenyekiti wake alikuwa Samia Suluhu Hassan. Wajumbe wa upinzani wakasusia, serikali tatu zikaondolewa, na Oktoba 2014 ikapitishwa Katiba Inayopendekezwa. Wananchi walikuwa waipigie kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2015. Kura ikaahirishwa. Zanzibar yenyewe iliwahi kuulizwa, tarehe 31 Julai 2010, kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66 wakasema ndiyo. Tanzania nzima haijawahi kupigia katiba yake kura ya namna hiyo.

Mtoto wa darasa la saba anaweza pia kupewa ibara ya 98 aifanyie hesabu. Kubadili sehemu nyingi za Katiba ya Muungano kunataka theluthi mbili ya wabunge wote. Kwa mambo fulani yanayogusa Muungano wenyewe, inatakiwa theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande peke yake. Mpe namba za kubuni ahesabu. Atagundua mwenyewe kwamba upande mkubwa hauwezi kuuburuza mdogo katika mambo hayo, na somo la hisabati litakuwa limefanya kazi ya uraia.

Ibara moja ihifadhiwe kwa ajili ya wale wadadisi. Ibara ya 11 ya Katiba ya Muungano inataja haki ya kila mtu kujielimisha, na watoto huifurahia wakiisoma. Lakini ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo ya katiba hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Ni malengo ambayo serikali inatakiwa kuyafuata, huwezi kuishtaki kwa ibara hiyo. Wataguna, na wana haki ya kuguna. Atakayeuliza "sasa nikikatazwa kwenda shule?" aambiwe kwamba kwa Bara kuna Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inayomlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule ya msingi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Akiwa Pemba, aende kwenye Sheria ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 1982 na Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011.